Jino Lililonyamaza

Usiku mmoja wa Machi mwaka huu mpwa wangu alinipigia simu kutoka Morogoro. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, habari za mvua na za mama yake, akafika kwenye lililomfanya apige.

"Mjomba, lile gego langu la juu lililotibiwa mzizi limeanza tena kuvimba. Daktari ananiambia nichague: ning'olewe, au nifanyiwe upasuaji mdogo, wakate ncha ya mzizi jino libaki. Mama kasema nikuulize wewe, eti wewe ulishakatwa."

Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia. Nikauliza kuna nini. "Ah, mjukuu wako huyo, kaangukia ngazi, kajigonga mdomo. Haina neno, sasa hivi atanyamaza." Tukaendelea na habari ya gego.

Nilimwomba anipe siku mbili. Jibu nilikuwa nalo tayari: ukiuinua mdomo wangu wa juu utaona, juu ya jino la mbele la kulia, mstari mweupe mwembamba kama uzi ulioshonewa kwenye ufizi. Umekaa hapo tangu mwaka 2012. Lakini nilijua kwamba nikimjibu palepale nitamjibu kama mtu aliyepona, na mtu aliyepona hupenda kumwandikia kila mgonjwa dawa iliyomponya yeye. Nikaona kwanza nikumbuke vizuri jambo lenyewe lilivyokwenda.

Lilianza mwaka 1984, Pangani, nikiwa darasa la tano. Baba alikuwa fundi mwashi, na mali ya maana nyumbani kwetu ilikuwa baiskeli yake aina ya Phoenix. Mchana mmoja, yeye akiwa amejilaza, niliichukua bila ruhusa nikaikanyaga kwa nguvu zangu zote kuelekea kivukoni. Breki ya mbele ilikuwa pambo. Mbuzi alikatiza, usukani ukageuka, mimi nikaendelea mbele, na jino langu likakutana na chuma.

Halikuvunjika. Lililegea, likatoka damu, mdomo ukavimba. Bibi alinisukutulisha maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaniwekea karafuu iliyopondwa, akanifuta machozi kabla baba hajaamka. Siku nne nilikunywa uji. Siku ya tano nilikula embe. Tangu hapo jino likanyamaza, na nyumba nzima ikasahau.

Hakuna aliyenipeleka hospitali, na simlaumu mtu. Jino haliumi, utampeleka mtoto hospitali ukaseme nini? Ilichukua karibu miaka ishirini nikaelezwa kilichotokea siku ile. Ndani ya jino mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, nayo huingia kupitia kitundu kidogo sana kilichoko kwenye ncha ya mzizi. Pigo la usukani lililisukuma jino, na mishipa ile ikakatikia pale kitunduni kama waya unaokatikia kwenye soketi. Nyama ya ndani ikafa. Mshipa wa fahamu ukafa nayo, ndiyo maana maumivu yakaisha. Sisi tulidhani jino limepona, kumbe lilikuwa limekosa wa kulisemea.

Nilipofika kidato cha pili jino lilikuwa na rangi ya jivu. Hiyo nayo ina sababu yake: damu iliyovuja ndani huoza taratibu na kulitia doa jino kutoka ndani, mswaki hauwezi kuifikia. Wenzangu wa bweni waliniita Magharibi, kwa kuwa, walisema, nikicheka jua linazama. Mjomba wangu mmoja alitoa shauri ling'olewe niwekewe la bandia, jeupe. Bibi alimkatiza kwa methali ya pwani ambayo kila mtu anaijua: jino la pembe si dawa ya pengo. Likabaki. Bibi alikuwa sahihi, ila hata yeye alikuwa akilitetea jino asilolijua hali yake.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Handeni. Siku moja nikipiga mswaki niliona kipele kidogo kwenye ufizi, juu ya jino lile la kijivu. Nilikibonyeza, kikapasuka, mdomo ukajaa ladha ya chumvi. Baada ya wiki kilirudi. Kikapasuka tena. Tukaishi hivyo, mimi na kipele changu, karibu mwaka mzima, kwa kuwa hakikuniuma hata siku moja.

Mwana wa fundi mwashi alipaswa kukitambua. Baba alipojenga ukuta wa kuzuia udongo alikuwa akiacha vitundu chini, maji yapate pa kutokea, kwani maji yakikosa njia huusukuma ukuta mpaka ulale. Kipele changu kilikuwa kitundu cha namna hiyo. Bakteria walikuwa wamejificha ndani ya mzizi uliokufa, usaha ukitengenezwa kwenye ncha yake, ndani ya mfupa wa taya, nao ukajichimbia njia mpaka nje. Palipo na njia hapana msukumo, na pasipo msukumo hapana maumivu. Kumbe utulivu ule ulikuwa dalili yenyewe.

Halafu njia ikaziba. Ilikuwa wiki ya harusi ya rafiki yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mpambe wake. Niliamka jicho la kulia limefumbwa na uvimbe, mdomo umesimama kama wa bata. Nilikwenda duka la dawa nikanunua amoksilini za kutosha siku mbili, kwa kuwa hela ilitosha siku mbili. Uvimbe ukashuka, nikasimama harusini, nikasema dawa ile ni kiboko. Baada ya miezi mitatu ilibidi niinunue tena, na baada ya miwili mingine, tena.

Siku hizi, nikimwona mtu kaunta akiomba "dawa ya jino" bila cheti, huitamani nafasi ya kumweleza nilichochelewa kujua. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na mzizi uliokufa hauna damu. Vidonge vyangu viliwaua bakteria waliokwisha kutoka nje na kuvamia shavu. Wale wa ndani, wenye kiota, dawa iliishia mlangoni kwao. Ukiona uvimbe umeshuka kwa vidonge, ujue umenunua muda tu. Nao uvimbe wa jino ukishuka shingoni na kubana koo unaua, hilo si la kutishana.

Katika mwaka huohuo, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mtoto mchanga alishikwa na homa na kuharisha. Wazee wa kike wakamchungulia kinywani, wakaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, wakasema ana meno ya plastiki. Waliosikia neno hili miaka ile wanajua kilichofuata. Aliitwa mtu mwenye spoki ya baiskeli iliyonolewa, naye akachimba. Alichokitoa hakikuwa plastiki. Kilikuwa vichanga vya chonge za utotoni, ambavyo havikuwa na kosa lolote, havikuwa hata vimeota. Siku mbili baadaye mtoto alikimbizwa zahanati, fizi zikiwa zimeoza. Mungu akamsalimisha.

Nilikasirika sana na majirani zangu, nikawaona wajinga. Ilinichukua muda kuona kwamba mimi na wao tulikuwa tukitumia kipimo kimoja. Wao walisikia kilio wakalishtaki jino lisilo na hatia. Mimi nilisikia kimya nikaliachia jino lenye hatia. Hakuna kati yetu aliyeuliza ugonjwa wenyewe uko wapi.

Hatimaye nilikwenda hospitali ya wilaya. Tulikaa kwenye benchi watu kumi na saba, na kwa kadiri nilivyoona, kila aliyeingia alitoka anauma pamba. Tabibu wa meno alikuwa kijana mpole. Aliligonga jino langu kwa mpini wa kioo chake, akabonyeza kipele, akanyanyua uso.

"Mwalimu," akasema, "hili lina mzizi mzuri, linaweza kutibiwa. Ila mimi hapa nina ganzi na koleo. Nikikwambia nitalitibu nitakuwa nakudanganya. Ukitaka nikung'olee, nakung'olea sasa hivi. Ukitaka kulitunza, tafuta nauli ya Dar es Salaam."

Nimekutana na madaktari wengi tangu siku ile, na bado namhesabu yeye kuwa ndiye aliyeniokolea jino, ingawa hakuligusa kwa chombo chochote. Wengi tunasema watu wetu wanapenda kung'oa meno. Sijaona mtu anayependa. Watu hufika wakiwa wamechelewa, kwa sababu walingoja maumivu, na hufika mahali ambapo chombo kilichopo ni koleo. Ukiweka pamoja kuchelewa kwa mgonjwa na ufukara wa kabati la vifaa, uamuzi umeshakatwa kabla mtu hajakaa kwenye kiti. Wale kumi na sita wengine hawakuulizwa wanataka nini, na wala tabibu hakuwa na cha kuwauliza.

Nauli ya Dar es Salaam, na gharama za huko, zilinichukua miaka. Mwaka 2003, nikiwa nimehamia Kibaha, nilianza matibabu ya mzizi. Watu huita kuua mzizi, na jina lenyewe linapotosha, kwa maana wangu ulikuwa umekufa tangu enzi za baiskeli ya baba. Kinachofanyika ni kama kuosha maiti. Daktari alitoboa jino kwa nyuma, akaingiza vijisindano vyenye meno kama tupa, akakwangua ndani ya mzizi, akasafisha kwa maji ya dawa ambayo, aliniambia, ni ndugu wa yale ya kung'arishia nguo nyeupe. Safari tatu. Mara ya mwisho akaujaza mzizi kwa vijiti vyekundu-pinki vinavyoitwa gutapacha.

Vijiti hivyo vina historia inayonigusa kama mtu wa pwani. Gutapacha ni utomvu wa mti wa Kusini-Mashariki ya Asia. Katika karne ya 19 ndio uliotumika kuvika nyaya za simu za chini ya bahari, kwa kuwa hauozi upesi majini. Waya wa namna hiyo ulifika Zanzibar mwaka 1879 kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Kwa hiyo utomvu uleule uliozuia bahari isiingie kwenye waya ulitumika kuzuia mate yasiingie kwenye mzizi wangu. Na chumba kizima cha daktari kilinukia karafuu. Nilipouliza, akanionyesha chupa: dawa ya kugandishia iliyochanganywa na mafuta ya karafuu. Nikamkumbuka bibi, na kinu chake.

Kwa kuwa jino lilikuwa limedhoofika, liliwekewa nguzo ya chuma ndani ya mzizi, na juu ya nguzo kofia nyeupe. Magharibi akawa Mashariki. Nililipa, nikacheka kwenye kila picha, na kwa miaka tisa sikuliwaza tena. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile la Pangani, safari hii kwa gharama kubwa: jino haliumi, basi liko salama. Niliambiwa nirudi baada ya mwaka kwa picha ya eksirei. Sikurudi.

Mwaka 2012, nikiwa natoa imla darasani, mdomo ulijaa chumvi katikati ya sentensi. Nilijua kabla sijafika kwenye kioo. Kipele kimerudi, palepale.

Daktari bingwa niliyempata safari hii alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Alichukua kijiti chembamba cha gutapacha, akakipitisha kwenye kitundu cha kipele, kikazama bila kuniuma, kisha akapiga picha. Kwenye kioo cha kompyuta kijiti kilionekana kimepinda kama kidole kinachoshtaki, kikaishia kwenye ncha ya mzizi. Hapo palikuwa na kivuli cheusi chenye ukubwa wa punje ya choroko. "Hapa hamna mfupa," akasema. "Umeliwa."

Nilimuuliza imekuwaje, na mzizi ulishajazwa. Akanichorea. Mfereji ulio ndani ya mzizi haushuki moja kwa moja kama bomba. Unapokaribia ncha hugawanyika vijito, kama Rufiji inavyogawanyika kabla ya kuingia baharini, na wataalamu huita sehemu hiyo delta vilevile. Kijisindano cha daktari hufuata mto mkuu. Bakteria wakijificha kwenye kijito cha pembeni hubaki huko, na miaka inaweza kupita. Sehemu kubwa ya vijito hivyo iko ndani ya milimita 3 za mwisho.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakata milimita 3."

Njia nyingine mbili alinieleza pia, bila kunisukuma. Ya kwanza ni kufumua kazi ya zamani kutoka juu na kuusafisha mzizi upya, na kwa watu wengi hiyo ndiyo hujaribiwa kwanza. Kwangu nguzo ilikuwa ndefu na imeshika sana, kuing'oa kungeweza kuupasua mzizi. Ya pili ni kung'oa. Akasema pia jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu anayeuza kazi yake: kwamba akifungua na kukuta mzizi una ufa, hataendelea, atalitoa jino palepale, na nitie sahihi nikiwa nimelikubali hilo.

Gharama ilikuwa karibu mishahara yangu miwili. Nilikopa kwenye chama chetu cha walimu.

Siku ya upasuaji nilikuwa macho muda wote. Ganzi ilikuwa lidokeini iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ili damu isifunike kazi. Alikata ufizi, akauinua kama pazia. Kisha akatoboa dirisha dogo mfupani. Mlio wa keekee ikipita kwenye mfupa wako mwenyewe huusikii kwa masikio, unausikia kwa fuvu zima. Maumivu hayakuwapo. Kulikuwa na msukumo, maji baridi, na sauti yake akihesabu hatua: nimefika, natoa kinyama, nakata. Kile kinyama alichokikwangua alikitia kwenye kichupa kiende maabara. Kwa hadubini iliyoning'inia juu ya uso wangu aliukagua mzizi uliokatwa, akaupaka rangi ya bluu kutafuta nyufa. Hakukuwa na ufa. Akachimba kishimo chenye kina cha milimita 3 hivi kwa ncha nyembamba inayotetemeshwa na mawimbi ya sauti, akakiziba, akarudisha pazia, akashona. Saa moja na robo.

Nilikwenda Pangani kupumzika, shavu likiwa kama andazi. Baba alikuwa mzee sana wakati huo, kuta alizijenga kwa maneno tu. Akataka kujua kishimo kile kimezibwa kwa nini. Nikamwambia ninavyoelewa: zamani waliziba kwa madini yaliyochanganywa na zebaki, au kwa unga wa zinki na mafuta ya karafuu. Katika miaka ya 1990 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, Mahmoud Torabinejad, na wenzake wakaleta kitu kinachoitwa MTA, ambacho kwa asili yake ni saruji ya Portland iliyosafishwa na kuongezwa madini ya bisimuthi ili ionekane kwenye eksirei.

Baba akainuka kitandani. "Saruji? Ndani ya mdomo?"

"Saruji, baba. Ila si ya mfuko."

"Inataka maji?"

"Inataka. Inagandia kwenye unyevu, hata kwenye damu."

Akafikiri kidogo, akalala tena. "Basi itashika."

Ikashika. Nyuzi zilitolewa siku ya tano. Majibu ya maabara yalisema ni kinyama cha kawaida cha maambukizi ya muda mrefu. Safari hii nilirudi nilipoambiwa nirudi. Baada ya miezi sita kivuli kilikuwa kimepungua, na baada ya mwaka mfupa ulikuwa umejaza dirisha lake wenyewe. Katika ziara zote mbili nilimwambia daktari kwamba sisikii chochote. Zote mbili alinijibu, bila kunitazama, macho kwenye picha: "Hilo sijakuuliza."

Nimelibeba jibu hilo zaidi ya kovu. Miaka ishirini na minane ya jino langu, tangu usukani hadi nyuzi, ilikuwa miaka ya mimi kumjibu kila mtu kuhusu maumivu, ilhali maumivu yalikuwa yamekwisha kufa kabla ya kila kitu kingine. Nilipoumwa, ilikuwa siku chache za mwisho wa jambo refu. Picha iliona nilichokuwa nacho kila wakati.

Siku ya tatu nilimpigia mpwa wangu. Nilimwambia mambo yangu, nikajaribu kutomuuzia. Nilimwambia aulize jino lina mfupa wa kutosha wa kulishika, na kama kazi ya zamani haiwezi kufumuliwa kwanza. Aulize pia upasuaji utafanywaje, maana njia ina tofauti kubwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba upasuaji wa namna ya zamani, wa keekee nene na macho matupu, ulifaulu kwa takriban 59 katika kila 100, na wa hadubini na vifaa vidogo kwa takriban 94. Muhimu kuliko yote, aulize kama mzizi ni mzima.

"Na mimi nikwambie ukweli," nikamalizia, "moyo wangu unasema ulitunze."

Alikwenda. Daktari wake alizungusha kipimo chembamba pembeni ya gego, kikagota kila mahali, isipokuwa sehemu moja ambako kilizama ghafla. Akamwambia anahofia ufa, lakini wafungue waone. Walipoinua ufizi na kupaka rangi ya bluu, mstari ulijichora wenyewe kutoka shingo ya jino hadi karibu na ncha. Jino likatolewa palepale. Jioni alinitumia picha: gego juu ya pamba, na ule mstari wa bluu, mwembamba kama wa kalamu.

Kwanza niliona aibu, kana kwamba nilikuwa nimempa mtu ramani ya mji mwingine. Kisha nikamkumbuka baba. Watu wakimwita kuziba ufa, wakimtolea na ile methali ya ufa na ukuta, hakuchanganya saruji mpaka agonge ukuta mzima kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alikuwa akisema: ufa wa plasta na ufa wa msingi si ndugu. Mmoja utauziba, wa pili utabomoa, na kinachokwambia ni upi ni kuuangalia, si kuupenda ukuta. Jino langu lilifaa kutunzwa na lake lilifaa kutoka, na wote wawili tulitendewa jambo lilelile jema: mtu alitazama kwanza.

Nilimpigia kumpa pole. Sauti yake ilikuwa nzito kwa ganzi na pamba. Akasema hana majuto, angalau ameuona ufa kwa macho yake, asingekaa maisha yake yote akijiuliza. Tukazungumza pengo, na bei za meno ya kuweka, na methali ya bibi yangu, ambaye kwake ni bibi mkuu. Akacheka, akalalamika kwamba kucheka kunauma.

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kilio cha simu ya kwanza. Wiki tatu zilikuwa zimepita, nami nilikuwa nimekaa siku mbili nzima nikikumbuka baiskeli ya mwaka 1984 bila kumkumbuka mtoto.

"Mjukuu wangu anaendeleaje? Yule aliyeangukia ngazi?"

"Ah, yule mzima kabisa, mjomba. Jino la mbele lilitikisika kidogo, siku hizi anakula hadi mahindi ya kuchoma. Haliumi hata kidogo."

Nikamwambia asikate simu, achukue kalamu.